Nimepewa askari wapya: niwanyooshe au niwalee?

"Shikamoo afande. Mimi ni Koplo, huu ni mwaka wa tisa tangu nile kiapo. Nyumbani ni Ilemela, Mwanza, na kikosi changu kiko huku huku kanda ya ziwa. Nilipitia JKT kwa kujitolea, kambi ya Rwamkoma, ndipo nikachukuliwa kwenda Kihangaiko kwa mafunzo ya awali ya jeshi. Elimu yangu ni kidato cha nne. Nia yangu ni kutumikia mpaka nistaafu kwa heshima, lakini naona wenzangu wenye stashahada wanaitwa kozi, mimi nabaki kupanga lindo. Wapo wanaoniambia bila kuwa na mtu makao makuu huendi popote. Mjomba naye kila nikienda likizo ananiambia niache buti nikafuge sato kwenye vizimba. Juu ya hayo, mwaka huu nimeletewa askari wapya watatu, ndiyo kwanza wametoka mafunzo. Mmoja anasahau kila anachofundishwa, hasa akishika silaha. Wa pili, kijana wa Njombe, amekuwa mchovu na kila siku anasema ana homa. Wakongwe wanasema anadoji. Wa tatu amenyamaza tu tangu mwezi wa pili, hali chakula na wenzake, usiku halali, na juzi amemgawia mwenzake redio na viatu vyake vya kiraia akisema havimfai tena. Wakongwe wananishauri niwanyooshe kama tulivyonyooshwa sisi. Nikiwa mpole si watanipanda kichwani? Nifanyeje wasimame, na mimi nidumu?"

Marahaba, Koplo. Jina la kikosi ulilolitaja nimelitoa, na idadi ya watu wa kombania yako pia. Siku nyingine usiyaandike mahali popote nje ya kazi, hata kwa mtu unayemwamini kama mimi. Hilo nimalize hapo.

Umeanza na cheo ukamalizia na vijana. Mimi nitaanza na vijana, na kati yao nitaanza na huyo wa tatu, kwa sababu jambo lake halisubiri barua nyingine. Askari asiyelala, anayejitenga na wenzake, kisha anaanza kugawa vitu vyake, hizo ni dalili za mtu anayeweza kuwa anafikiria kujiua. Huenda sivyo. Huenda amefiwa, ameachwa, au amekwama kwenye deni. Lakini wewe ndiye unayemwona kila asubuhi, na hutakiwi kubahatisha.

Mwondoe kwenye lindo la silaha leo hii, bila kutangaza. Mbadilishie zamu na mwenzake, mpe kazi ambayo muda wote atakuwa na mtu pembeni. Kisha kaa naye mahali ambapo wengine hawasikii, mwambie unachokiona kwa macho yako: halali, hali chakula na wenzake, anagawa vitu. Halafu muulize waziwazi: "Umefikia kuwaza kujiua?" Najua swali hilo linatia woga. Wengi wetu tumekua tukiamini kwamba ukilitaja umemfundisha. Wataalamu wa afya ya akili wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi na wanakubaliana kwamba kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Mara nyingi kunampa nafasi ya kupumua. Akijibu ndiyo, au akisita sana, usimwache peke yake. Mpeleke mwenyewe kwa daktari wa kikosi na umjulishe kamanda wako wa platuni faraghani. Usimwahidi kwamba itakuwa siri ya watu wawili, kwa sababu ahadi hiyo huwezi kuitimiza. Hospitali ya jeshi ndiyo hatua ya kwanza, na hapa Mwanza, hospitali ya Bugando, kuna madaktari bingwa wa magonjwa ya akili ambao jeshi linaweza kumpeleka kwao. Padri au shehe wa jeshi naye ana nafasi yake, ila hamwondoi daktari.

Kitu kimoja zaidi kumhusu: mwulize hela. Mshahara wa kwanza ni mtihani ambao Kihangaiko haufundishwi. Kijana aliyekuwa anaamshwa, analishwa na kupangiwa kila dakika ghafla ana simu nzuri, ana kadi ya benki, na jioni yake. Wanaoangukia kwenye kubeti ni wengi. Akishaliwa anakopa, na wanaomkopesha ni kausha damu au zile programu za simu ambazo ukichelewa siku moja zinawatumia ujumbe wa aibu watu wote waliomo kwenye simu yako, akiwemo mama na kamanda. Benki Kuu ilizifungia nyingi mwaka 2024, lakini zinazaliwa nyingine kwa majina mapya. Nimeona askari hodari wa kila kitu akiwa anatetemeka kila simu inapolia. Kama ni deni, linapangika. Hesabuni pamoja, mkaone ofisi ya malipo na chama cha akiba na mikopo cha kikosi kama kipo.

Huyo wa Njombe nadhani mnamwonea. Wanaodoji wapo, na mimi nimewajua wa kila namna, hata aliyekuwa akisugua kitunguu kwapani kabla ya kupimwa joto. Lakini hebu jiulize maswali mawili: alianza lini kuoga au kufua ziwani, na homa ilianza lini? Wewe na mimi tumekulia hapa. Tumeogelea Igombe na Kirumba tangu tukiwa na meno ya utoto, na wengi wetu kichocho kimepita mwilini mwetu bila kelele, ingawa si kwamba hakitudhuru. Mtu aliyetoka nyanda za juu, ambaye hajawahi kukutana na vijidudu hivyo, mwili wake hushtuka. Vijidudu vinatoka kwenye konokono wa majini, hasa kwenye kingo zenye majani, vinapenya ngozi ndani ya dakika chache, na baada ya wiki kadhaa mtu anapata homa, kikohozi kikavu, uchovu, tumbo na muwasho. Akipimwa malaria haonekani nayo, basi anaitwa mvivu.

Mpeleke kwa daktari, na umsaidie kusema jambo ambalo yeye hatakumbuka kulisema: kwamba ameingia ziwani, wapi, na tangu lini. Kipimo cha mwanzo kinaweza kuwa kimya kwa sababu mayai ya minyoo hayajaanza kutoka, kwa hiyo historia hiyo ina uzito. Dawa ipo, prazikwanteli, ya siku nyingi na ya kuaminika. Ila haiwaui vizuri minyoo wachanga, kwa hiyo daktari anaweza kumpa tena baadaye. Huenda ukakuta ni kitu kingine kabisa, taifodi au kifua. Hata hivyo anayeamua kama askari ni mgonjwa ni daktari. Koplo kazi yake ni kuhakikisha amefika.

Sasa huyu anayesahau, ambaye ndiye amebeba swali lako la kunyoosha.

Chukua mfano wa kutoa risasi kwenye SMG, bunduki yetu ya kila siku, baada ya lindo, maana nina hakika umeshaliona kosa hili. Kijana amesimama mbele ya pipa la mchanga alfajiri, upepo wa ziwa unampiga, wewe umemsimamia nyuma. Anachotakiwa kufanya ni kutoa magazini (kisanduku cha risasi) kwanza, kisha kuvuta koki, kisha kuitazama chemba, mahali risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa macho na, kama ni giza, kuipapasa kwa kidole. Akiwa na woga mikono inakimbilia kitu kinachotoa mlio, kwa hiyo anavuta koki kwanza ndipo anatoa magazini. Ameshapandisha risasi chemba kwa mkono wake mwenyewe, na silaha isiyo na magazini inaonekana tupu. Anavuta kifyatulio kumaliza zoezi. Mwisho wa hapo umeujua.

Ukimpigia kelele wakati ule, au ukamrusha kichura mpaka adondoke, atajifunza nini? Atajifunza kwamba ukiwa karibu kuna hatari. Akili ya mtu mwenye hofu hujibana, inamtazama anayemtisha na kuiacha kazi iliyoko mkononi. Kibaya zaidi, kesho akikosea ukiwa haupo, ataficha. Nawaambia wakufunzi wote kwamba kosa linalofichwa kwenye chumba cha silaha ndilo linaloleta jeneza kwenye kikosi, kuliko kosa linaloonekana.

Namna ninayoiamini ni ya kizamani na inachosha anayefundisha. Unafanya mwenyewe kwa kasi ya kawaida, bila neno. Unarudia polepole ukitaja kila hatua. Kisha yeye anataja na wewe unafanya, halafu yeye anataja na kufanya. Akikosea unamsimamisha pale pale, mikono ibaki ilipo, unamuuliza: hatua iliyopita ilikuwa ipi? Unamwachia aitafute. Anaanza tena mwanzo, kwa silaha tupu, dakika kumi asubuhi na dakika kumi jioni. Dakika chache kila siku zinashinda saa tatu za Jumamosi. Akishakuwa sawa akiwa ametulia, ndipo unamfanyia haraka: mbio fupi, halafu zoezi, giza, halafu zoezi. Hapo ukali una nafasi yake, maana kazi yetu inafanyika watu wakiwa wamechoka na wanaogopa. Mpaka mikono ijue, lakini, ukali ni kelele.

Na mpime macho. Nasema kweli. Kuna vijana wanaovuka usaili wote, halafu baadaye unagundua ubao wa shabaha hauoni vizuri, au sikio moja limeanza kufa. Mwingine anasahau kwa sababu halali, na halali kwa sababu ndiye mdogo kwenye hanga (bweni la askari), kwa hiyo wenzake wanamrushia zamu ya saa nane usiku kila siku. Kagua orodha ya lindo kabla hujakagua kichwa chake.

Wakongwe wako wana hoja, nisiwavunjie heshima. Kihangaiko kulikuwa kugumu kwa sababu maalumu. Kuruta anatolewa uraiani, anavuliwa mazoea, anafanywa awaze kwa wingi badala ya umoja. Adhabu ya kundi, mchakamchaka, kwata isiyokwisha, vyote vina mpangilio, vina muda, na wakufunzi waliosomea wanavisimamia. Anapoletwa kwako si kuruta tena. Ni askari aliyekula kiapo, na kumpa ukuruta wa pili bila ratiba wala msimamizi ni uonevu. Kumpiga askari wa chini yako ni kosa la kinidhamu, na ukishtakiwa hao waliokushauri hutawaona pale kuja kukutetea. Tena wale wanaosema "sisi tulinyooshwa na tuko hapa" ni wale waliobaki. Waliotoroka, walioumia magoti mapema na waliokwenda nyumbani na hasira hawapo mesini kutoa upande wao.

Kuhusu kupandwa kichwani: vijana hawadharau upole, wanadharau mtu asiyetabirika. Leo umecheka kwa buti chafu, kesho umewaka kwa buti lile lile. Weka mambo machache yasiyojadiliwa (muda, silaha, usafi, ukweli), kila siku yawe yale yale kwa kila mtu, akiwemo yule anayekuletea sato kutoka kwao. Usikope hela kwa askari wako hata elfu tano ya vocha. Usinywe nao. Usimtume askari soko la Mwaloni akakubebee gunia la dagaa la mke wako, hata kama anasema hana kazi; siku hiyo umekuwa tajiri wake, na amri yako haitasikika tena ilivyokuwa. Na kama seksheni yako ina askari wa kike, au italetewa, mapenzi na mtu unayempangia zamu hayana mjadala. Nimeona kazi za watu wazima zikiishia hapo.

Tuje kwenye cheo, ambapo nadhani umeambiwa mambo mengi ya kijiweni.

Kwanza, elimu yako haijakufungia njia uliyomo. Jeshini kuna ngazi mbili. Moja ni ya askari, kutoka praiveti kupitia koplo usu, koplo, sajenti, sajenti wa staff, mpaka Afisa Mteule Daraja la Pili na la Kwanza. Nyingine ni ya maafisa wenye kamisheni, na hiyo mlango wake ni chuo cha maafisa cha Monduli, ambako siku hizi kuna hata Shahada ya Sayansi ya Kijeshi, na vigezo vya umri na elimu ni vikali. Watu wa nyumbani wanachanganya ngazi hizi. Watakutajia Jenerali David Musuguri, mtu wa Butiama, aliyeingia KAR, jeshi la wakoloni wa Kiingereza, mwaka 1942 akiwa askari wa kawaida, zama ambazo uafisa kwa Mwafrika ulikuwa umefungwa, akafika kuongoza Divisheni ya 20 vita vya Kagera na kuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1980 hadi 1988. Alifariki hapa hapa Mwanza Oktoba 2024, akiwa na miaka 104. Ni historia ya kujivunia. Lakini njia ile ilifunguliwa na vita vikuu, uhuru na jeshi jipya lililoundwa upya mwaka 1964, na kwa koplo wa leo mwenye miaka tisa kazini haipo. Kitu ambacho bado kipo kwenye maisha yake ni kwamba kabla hajawa afisa alikuwa sajenti mkufunzi. Jina lake lilitangulia kwa watu aliowafundisha.

Pili, namna kupanda kunavyofanya kazi. Ili koplo awe sajenti mambo manne yanatakiwa kukutana kwa wakati mmoja: muda kwenye cheo, kozi, mwenendo safi kwenye faili, na nafasi kwenye ikama. Hili la mwisho ndilo askari wengi hawalioni. Kikosi kina idadi yake ya masajenti iliyoandikwa. Wanaostahili wakiwa kumi na nafasi ni mbili, wanane watabaki wanastahili. Nafasi zinafunguka mtu akistaafu, akipanda, akihamishwa, au kikosi kipya kikiundwa. Kwa hiyo kungoja peke yake si ushahidi kwamba mtu amekuchukia.

Hao wenye stashahada wanaoitwa kozi, uliza wanaitwa kozi gani. Mara nyingi ni za fani: redio, ufundi wa magari na mitambo, tiba, uhandisi, hesabu. Wale wako kwenye foleni nyingine kabisa. Ukitaka kuingia foleni hiyo, tafuta fani. Udereva wa magari makubwa, ufundi umeme, mawasiliano. Cheti cha VETA kilichopatikana kwa ruhusa ya maandishi ya Mkuu wa Kikosi kinaingia kwenye faili, kilichopatikana kwa kutoroka jioni kinaleta maswali. Kama alama za kidato cha nne ndizo zinazokukwamisha, rudia masomo mawili matatu kama mtahiniwa wa kujitegemea. Chuo Kikuu Huria kina kituo Mwanza kwa atakayetaka kusogea mbele baadaye. Na kwa mtoto wa ziwa naongeza jambo ambalo vijana wanalipuuza: kuogelea na uzamiaji. MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara Septemba 2018, wazamiaji wa jeshi walikuwa miongoni mwa walioitwa. Watu wa kazi ile ni wachache, na hawaokotwi siku ya msiba.

Ukiwaza ulinzi wa amani, Kongo au Afrika ya Kati, jua kwamba afya, nidhamu, leseni ya udereva na lugha vinakutanguliza. Kiingereza cha kuandika ripoti ya nusu ukurasa, na Kifaransa cha kuulizia njia, vinasomeka jioni kwenye simu ile ile wengine wanayobetia.

Tatu, huyo "mtu wa makao makuu". Sitakudanganya kwamba upendeleo haupo. Palipo na watu pana kujuana. Lakini nimewaona waliobebwa. Mara nyingi wanafika kwenye kozi wasiyoiweza, au aliyewabeba anastaafu wakiwa njiani. Na kuna jambo la kusema wazi: yeyote anayekuomba hela ili jina lako liingie kwenye orodha ya kozi, au jina la mdogo wako liingie kwenye usajili wa vijana wapya, ni tapeli au mla rushwa, na ukimlipa mmeshakuwa wawili. Kanda hii imejaa familia zilizouza ng'ombe kwa ajili ya barua za kuitwa jeshini zilizochapwa stesheneri.

Kinachowaangusha makoplo wa mwaka wa tisa, kwa nilivyoona, mara chache ni elimu. Ni deni, pombe, kuchelewa kurudi likizo siku mbili kwa sababu "feri ilijaa", na mwili. Hayo matatu ya kwanza unayajua. Mwili ndio unaodharauliwa. Masikio yakishaharibiwa na mlio wa silaha hayarudi, chembe zile za ndani hazioti tena, kwa hiyo ziba masikio kila ukienda shabaha na uwafundishe hao watatu kufanya hivyo bila kuona haya. Mbio za buti kwenye lami ziongezwe polepole. Muundi unaouma sehemu moja, ukibonyeza unaruka, huo huenda ni mfupa unaoanza kupasuka na unahitaji kupumzishwa. Na kila unapoumia kazini, hata kidogo, hakikisha imeandikwa hospitali. Miaka ishirini baadaye goti ambalo halina karatasi ni goti lako tu.

Ninapokuambia uanze na vijana, basi, sikupi mahubiri. Kamanda anapoandika taarifa yako ya mwaka hana mizani ya kupima moyo wako. Anaangalia seksheni yako: silaha zao, afya yao, utoro wao, madeni yao, wanavyosimama wewe ukiwa likizo. Nafasi mbili zikifunguka na wanaostahili ni kumi, hapo ndipo watu wanapotofautishwa. Na koplo anayejulikana kwa kufundisha huombwa kwenda kuwa mkufunzi, kazi ambayo yenyewe ina kozi zake.

Mjomba na vizimba vyake. Simpingi, na hesabu yake si ya kipuuzi, maana sato wana soko, na serikali imekuwa ikikopesha vizimba na boti hapa kwetu. Ila mwambie akupe hesabu ya chakula cha samaki, maana hicho ndicho kinachomeza sehemu kubwa ya gharama, na utalisha miezi sita, saba, hata nane kabla ya kuuza. Akueleze pia mpango wake siku maji ya chini yasiyo na hewa yatakapopanda na samaki wakaelea asubuhi moja, kama ilivyotokea kwa wafugaji kadhaa ziwani. Mtu mwenye mshahara anaweza kuhimili msimu mmoja kama huo, aliyeacha kazi hawezi. Mimi ningemwachia mjomba aanze na kizimba kimoja, nikaweka akiba yangu na si mkopo, nikimjulisha mkuu wangu kama taratibu zinavyotaka. Na kama siku moja utaamua kuondoka, ondoka mkataba unapoisha, kwa barua, ukiwa umekabidhi kila kifaa. Utoro unafuta yote uliyoyajenga, na unaweza kukufikisha mahakama ya kijeshi.

Kabla ya uamuzi wowote, nenda kwa karani wa kikosi ukaombe kuelezwa mambo matatu kuhusu faili lako mwenyewe: mkataba wako wa sasa unaisha lini, cheo chako kinastaafu kwa umri gani (jeshini umri wa kustaafu unakwenda na cheo, anayebaki chini anaondoka mapema), na umebakiza muda gani kufikia kiinua mgongo na pensheni. Hayo usiulize mesini, utapewa majibu matano. Ukishayajua, omba kumwona CSM (sajenti meja wa kombania) kwa utaratibu, mpelekee swali moja tu lililoandikwa, la kozi gani inayofuata kwa mtu wa sifa zako. Usiende siku ya mshahara. Karani siku hiyo hana masikio.